Kula, Lakini Kokwa Irudi

Nesi akikupa tunda alikupa na masharti yake. Kwanza lilikuwa limeoshwa, na maji yaliyoliosha yalikuwa yamechemshwa. Pili ulikaa chini, kwa sababu mtu anayekula huku akitembea hakuwa na tofauti, machoni pake, na mbuzi wa sokoni. Tatu, na hili ndilo lililokuwa kubwa, ukishamaliza kokwa ilirudi kwake. Hakukuuliza kama unaihitaji. Alinyoosha kibakuli cha bati chenye ukingo wa buluu, akasema, "Kula, lakini kokwa irudi," na hata ungekuwa waziri ungeitema humo.

Tulikuwa majirani katika ploti moja hapa Nakuru, upande wa Langa Langa, vyumba vinavyotazamana, bomba moja katikati na tenki la maji pembeni. Mimi ni mshonaji. Mtu asidhani nilikuwa mmbea. Mshonaji hukaa palipo na mwanga, na mwanga wa ploti ile ulikuwa mlangoni pangu, mkabala na mlango wa Nesi. Basi nilimwona miaka na miaka, akitoka, akiingia, akifagia vumbi ambalo upepo wa Nakuru ulilirudisha kabla hajaweka ufagio chini. Alikozaliwa na ukoo wake sitaviandika hapa, kwa kuwa hakunieleza na mimi sikumchokoza. Nilimkuta amestaafu, ana viatu vyeupe vya kazini ambavyo bado alivipaka chokaa kila Jumamosi, na hakuna aliyemwita jina lolote isipokuwa Nesi.

Niwaeleze alivyozisafisha kokwa zake, maana hapo ndipo alipokuwa yeye kamili. Zililala kwenye maji usiku kucha ili nyama iliyobaki ilegee. Asubuhi, baada ya chai, alitoa kigoda nje, akafunga kitambaa kichwani, akashika mswaki mkuukuu na kuanza kusugua mojamoja. Pichi ndiyo iliyomtesa kwa sababu ya ile mikunjo yake. Aliichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia mpaka usibaki hata uzi mmoja. Plamu ilikuwa rahisi. Alisema ina adabu. Kokwa ya embe aliichukia kwa zile nywele zake, lakini hakukubali imshinde, akaichana kwa kitana kilichong'oka meno. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima, mwenye pensheni ya serikali, akichana kokwa ya embe na kuinua kichwa kuitazama kama msusi anayekagua kazi. Avokado peke yake ilifukuzwa. "Hiyo haina mfupa," alisema. "Ni ya kuoza tu."

Baada ya kusugua, alizichemsha. Alikuwa na sufuria nyeusi ya kazi hiyo, na ole wako uombe kuipikia ugali. Nesi alichemsha kila kitu: maji, vitambaa, vijiko, pini za nywele, na mara moja sindano zangu za cherehani, ambazo zilishika kutu nikakaa bila kazi mpaka niliponunua nyingine. Hospitalini walimfundisha kwamba kitu ambacho hakijapita kwenye maji yanayotokota si kisafi bado, na fundisho hilo alistaafu nalo. "Lazima kife," alikuwa akisema, akimaanisha kidudu chochote kilichojificha ndani. Zikitoka humo alizianika kwenye uteo, kivulini, akizigeuzageuza, kisha zikaingia mikebeni. Ilikuwa mikebe ya majani ya chai na ya maziwa ya unga, imepangwa juu ya kabati, kila aina ya kokwa na mkebe wake. Hakuiandika chochote. Ukiutikisa mmoja, yeye akiwa jikoni huko ndani alikujibu, "Hiyo ni plamu, iache," na kweli ilikuwa plamu.

Za kazi gani? Mtu akija mara ya kwanza alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi nilikuwa ninajua kwa sababu mifuko nilishona mimi. Alininunulia kitambaa cha pamba kizito, nikakata vipande vya ukubwa wa mto wa mtoto, nikashona pande tatu na kuacha mdomo. Nesi alizipasha kokwa kwenye kikaango kikavu, polepole, akizikoroga na mwiko, akazimwaga mfukoni, akafunga kamba, akakuwekea mahali panapouma. Kokwa hushika moto muda mrefu kuliko kitambaa cha maji ya moto, na haikulowanishi. Mgongo wangu huu wa cherehani ulilala juu ya pichi za Nesi kila mwezi wa saba, baridi inapotuingia mifupani, na sioni haya kusema niliupenda mfuko ule kuliko nilivyowapenda baadhi ya jamaa zangu. Mwenye kiuno alikuja, mwenye shingo alikuja, mama aliyejifungua juzi alikuja. Hakuna aliyelipishwa. Alilipwa kwa kuletewa kokwa.

Aliwadai mpaka watu ambao hata hakuwapa tiba. Yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, tulikonunua kitambaa cha mifuko, siku moja Nesi alimpelekea pichi kwenye karatasi, akamwambia kokwa zirudi. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Tulipokwenda tena mzee alifungua droo akatoa kokwa zimefungwa kwenye kitambaa cha hariri, kipande kilichobaki kwenye jora.

"Mama, kokwa yako hii. Nimeosha mimi mwenyewe."

"Asante, Bhai," Nesi akasema kwa heshima zote, akimwita ndugu kwa lugha yake. Tulipofika nyumbani akazichemsha upya.

Sasa, mtu akisikia haya ataona Nesi alikuwa msafi wa kupita kiasi, na ndivyo alivyokuwa, lakini usimwamini mtu mpaka umesafiri naye. Tulikwenda mazishi Nairobi na tuliporudi gari lilisimama Mai Mahiu, pale malori yanapojipanga. Nesi alishuka, akapita vibanda vyote vilivyosuguliwa, akaenda kwenye kile ambacho hata nzi walikuwa wanakionea mashaka, akaagiza mbavu. Alikula kwa mikono, mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza kama ni yeye au ni mwingine.

"Moto umeshaua," akanijibu huku akitafuna. "Kwa nini niogope maiti?"

Alipomaliza alitembea mpaka kwenye mtungi wa maji, mikono ameinyoosha mbele, asiguse kitu. Nguo zake hakuzifutia mikono hata siku moja. "Nguo si taulo," alituambia sote, watu wazima na watoto wetu, na wengine wetu tulifuta mikono gizani tukiangalia nyuma.

Kingine alichojulikana nacho ni ukweli. Hakujua kumbembeleza mgonjwa. Ukimuuliza kama dawa itauma alikwambia itauma, tena akakueleza ni wapi. Mwanamke mmoja wa ploti alimwuliza kama mumewe, aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, angepona. Nesi alimshika mkono akamwambia hapana, kaa naye. Yule mama alimchukia mwezi mzima. Baadaye alirudi akamshukuru, kwa kuwa alikaa naye. Mimi siwezi kusema ukweli wa namna hiyo. Hata nguo ikimbana mteja nasema kitambaa ndicho kilichonywea majini.

Adui yake mkubwa alikuwa Redio. Huyu alikuwa kapera wa miaka arobaini na kitu, fundi wa redio na televisheni, chumba cha pembeni karibu na tenki. Chumba chenyewe kilijaa waya, betri zilizokufa na masufuria ya juzi. Dirisha lake lilielekea nyuma ya tenki, na kwa Redio dirisha lilikuwa pipa la taka. Nesi alimpa matunda kama alivyompa kila mtu, kwa sababu hakuweza kula mbele ya mtu bila kumgawia, na Redio alikuwa mtu pekee katika ploti ambaye kokwa yake haikurudi.

"Wewe, kokwa yangu iko wapi?"

"Mathe, si nimetupa. Ni mbegu tu."

"Umetupa wapi?"

"Huko nje."

"Huko nje ni kwa nani? Huko nje hakuna watu?"

"Wacha stress, mathe. Hiyo kitu itaoza."

Basi Nesi angenijia mlangoni, akasimama juu ya cherehani yangu akihema, anishtakie Redio kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Mwezi uliofuata akampa tunda lingine. Nilimwuliza mbona anampa. Akasema huyo atakula nini sasa, chuma?

Pichi bora kuliko zote zilitoka Molo, kwa mdogo wake. Huyo alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye shamba la viazi, na mpichi wake ulikuwa umeegemea ukuta wa jiko, upande unaopata joto. Matunda yake yalikuwa madogo, ya manjano, na ukiyapasua karibu na kokwa yalikuwa mekundu. Ya sokoni hayakuwa hivyo. Ya sokoni ni maji na nywele. Kila mwisho wa mwaka yalishuka kwa lori la viazi, ndani ya karai lililofunikwa na majani ya ndizi, na Nesi alikwenda mwenyewe kulipokea asije dereva akatia mkono. Siku hiyo hakuwa na makali. Aligawa mlango kwa mlango, kibakuli mkononi, akitabasamu, na ploti nzima tulikaa kwenye vigoda tukinyonya kokwa mpaka zikang'aa, tukizirudisha mojamoja. Krismasi ya mwaka 2007 pichi zilikuja nyingi kuliko wakati wowote. Nakumbuka alisema mti umezeeka ndiyo maana unatoa vyote.

Mwanzoni mwa 2008 nchi iliwaka, baada ya kura. Sitayaeleza, waliokuwepo wanajua na wasiokuwepo wamesimuliwa. Katika ploti yetu tulikuwa watu wa lugha nne au tano na tulifunga geti moja. Nesi alichemsha maji ya watu wote. Mifuko ya kokwa ilizunguka kwa wageni waliolala sakafuni kwa jamaa zao, na mkebe wa plamu ulibaki mtupu kwa sababu kila mtoto aliyekohoa aliondoka na mfuko wake. Katikati ya hayo mdogo wake akafika kutoka Molo akiwa na gauni alilovaa na sweta ya mtu mwingine. Nyumba iliungua, jiko liliungua, na mpichi uliungua pamoja nalo.

Alikuwa mpole, mwembamba kuliko dada yake, na alikuwa amenyamaza. Aliketi kitandani ameuelekea ukuta. Ukimsalimia alijibu, ukimpa uji alikunywa, kisha aligeukia ukuta. Wiki zikapita hivyo. Nesi, ambaye aliwahi kumtoa kitandani mgonjwa aliyekwisha kuagana na watu wake, hakujua afanye nini na huyu. Alimkemea, alimwimbia, alimwekea mfuko wa moto mgongoni. Hakuna.

Nilikuwa chumbani mwao nikimpima mdogo wake gauni jipya siku alipozungumza. Alikuwa amesimama, mikono ameinyanyua, nami nina futi kiunoni mwake. Akamgeukia Nesi.

"Zile kokwa za pichi yetu, bado unazo?"

"Ninazo. Mkebe mzima."

"Nipatie. Mvua ikianza nipande. Nikirudi nyumbani nataka kurudi na hiyo mti."

Mimi nilifurahi nikataka kupiga makofi. Kisha nikamwangalia Nesi. Alikuwa ameitazama ile sufuria nyeusi, imening'inia msumarini pake, na uso ulikuwa umemshuka. Nilielewa hapo hapo. Kokwa mkebe mzima, safi, zinang'aa, na hakuna hata moja iliyokuwa hai.

Nilingoja aseme. Huyu ndiye Nesi, nilijiambia, atasema sasa hivi itauma na itauma wapi. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama katikati ya chumba, mgongo ameupa ukuta kwa mara ya kwanza, akimngoja. Nesi akapanda kiti, akashusha mkebe, akauweka mikononi mwake.

"Chukua," akasema.

Jioni alikuja kwangu, hakukaa. "Fundi," akaniambia, "nimedanganya mgonjwa."

Sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile. Mdogo wake alitoboa mikebe ya Nesi kwa msumari, akaijaza udongo, akapanda kokwa, akaipanga juani kando ya bomba. Kila asubuhi alitoka, akamwagilia, akaongea na kina mama, akacheka mara moja moja. Alianza kula. Na kila alivyozidi kunawiri ndivyo Nesi alivyozidi kukonda, maana alijua siku ile mwenzake atakapofukua na kukuta zimeoza, atarudi kwenye ukuta wake, na safari hii asitoke. Mvua ndefu zilianza. Mikebe ilikaa kimya.

Basi akaanza kutafuta kokwa hai. Alihitaji moja tu, ya mpichi ule. Alikwenda kwa kila mtu aliyewahi kupewa tunda naye, na nilimsindikiza kwa wengine. Kanisani, mama mmoja aliapa kwa kiburi kwamba alirudisha zote. Kwa kinyozi, zote. Kwa mzee wa vitambaa, yule mzee alishtuka akadhani anadaiwa.

"Mama, mimi rudisha yote! Hata ile ya mjukuu ilianguka chini ya kabati, nilitoa kabati!"

"Najua, Bhai," Nesi akasema kwa unyonge. "Nilitaka tu kujua kama umeniibia moja."

Njiani nilicheka mpaka nikashika nguzo ya stima. Nikamwambia, ndiyo faida ya kuogopwa hiyo. Yeye hakucheka. Alikuwa anatembea taratibu, kibakuli chake mkononi, na ghafla akasimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akamfokea, "Mathe, toka kwa barabara!" Hakumsikia.

"Redio," akasema.

Tulimkuta kazini, chuma chake cha kuchomelea waya kinafuka moshi. Nesi alisimama mlangoni. Kwa muda wote niliomjua hakuwa amevuka kizingiti kile.

"Pichi nilizokupa Krismasi. Kokwa ulitupa wapi?"

Redio akainua mikono. "Mathe, jameni, tena hiyo story? Hiyo ni kitu ya mwaka jana!"

"Wapi?"

"Si huko nyuma ya tenki. Na zile za mwaka juzi, na za mwaka ule mwingine. Mimi hutupa tu."

"Hakuna nyingine umenunua ukatupa hapo?"

"Mimi sinunuangi matunda."

Nyuma ya tenki palikuwa pachafu kuliko nilivyofikiria. Tenki lilivuja, ardhi ilikuwa tope mwaka mzima, na juu ya tope miaka ya Redio: maganda, majani ya chai, vifuniko, vipande vya waya, vumbi jeusi la betri. Nesi alipiga magoti. Nasema alipiga magoti na soksi zake. Alifukua kwa vidole, akinung'unika, nyingi zikiwa zimeoza au zimetobolewa na panya, mpaka akainua mkono. Kiganjani alikuwa na kokwa iliyopasuka katikati, na kwenye ufa umetoka mzizi mweupe, mnene, umejikunja. Halafu akapata nyingine. Na ya tatu, ambayo ilikuwa tayari imetoa kichwa cha kijani.

Sasa mkono wake mwingine ulikwenda mfukoni mwa aproni, na nikaona umetoka na mswaki. Alikuja nao, maskini, bila hata kufikiri. Aliutazama mswaki, akaitazama kokwa, ina tope, ina uzi wa nyama uliogeuka mweusi, ina sijui nini. Kisha akaurudisha mswaki mfukoni.

"Usioshe, mathe," Redio akasema kutoka dirishani, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mzaha. "Wacha tu hivyo."

"Sijaosha," Nesi akamjibu. "Nyamaza."

Jumapili mdogo wake alipokwenda kanisani, tulifanya kazi. Mimi nililinda geti. Redio alibeba udongo wa nyuma ya tenki kwa karai. Nesi alitoa zile kokwa zake safi, ambazo kweli zilikuwa zimeanza kuwa na ukungu, akaweka zile chafu kwenye mikebe mitatu, akafunika. Ibada ilipokwisha alikuwa amekaa kwenye kigoda anasoma Biblia juu chini. Siku chache baadaye kelele ilinitoa kwenye cherehani. Mdogo wake alikuwa amechuchumaa kando ya bomba, mikono ameiweka mashavuni.

"Imeamka!" alikuwa akisema. "Kujeni muone, imeamka!"

Tulitoka wote. Redio alipiga mluzi. Nesi alikuja wa mwisho, akatazama, akasema imekaa vizuri, akarudi ndani haraka. Mimi najua alikwenda kulia kwa sababu nami nilikuwa nalia, tena nje, mbele ya watu.

Kati ya mitatu, miche miwili ilidumu mpaka mwisho wa mwaka. Watu walikuwa wameanza kurudi mashambani, na siku moja mdogo wake alifunga mizigo. Lori lilikuwa linangoja barabarani. Nesi alimshika mkono pale bombani, mbele yangu, na nilijua anataka nini kwa jinsi alivyojinyoosha, kama yuko wodini.

"Kabla hujaenda. Zile kokwa nilikupa zilikuwa zimechemshwa. Zilikuwa zimekufa. Nilijua, nikakupa tu."

Mdogo wake alitikisa kichwa. "Kwani mimi nilizaliwa jana?" akasema. "Tangu lini kitu kikatoka kwa nyumba yako bila kuchemshwa?"

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Zilikuwa zinang'aa kama vijiko."

"Na ukamwagilia?"

"Ulikuwa unanihangaikia sana, nikaona aibu kukaa tu. Nikasema wacha nikufurahishe." Akaanza kucheka. "Halafu siku moja natoa magugu, napata waya ya redio kwa mkebe. Nikajua umetoka mbali."

Nesi alikasirika. Alikasirika kabisa, alisema amekonda bure, alisema kumbe amefuga nyoka. Kisha akaketi kwenye ukingo wa bomba, mahali penye maji, na wote wawili wakacheka mpaka dereva wa lori akapiga honi.

Haikupita muda naye akahamia Molo. Alisema ni kwa siku chache, kumsaidia mwenzake kuinua nyumba, lakini alichukua viatu vyeupe na ile sufuria, na mtu hachukui sufuria kwa siku chache. Ploti ikawa chafu kwa wiki moja. Desemba ya mwaka uliofuata nilimpelekea mifuko mipya niliyomshonea. Molo ilikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Nyumba ilikuwa ya mabati mapya, chumba kimoja na jiko, na pembeni mwa jiko, upande wa joto, mche mmoja kati ya ile miwili ulifika magotini, umezungushiwa fito ili kondoo wasiuguse. Redio alikuwa amenipa salamu zake na redio ndogo aliyoitengeneza mwenyewe. Nesi aliipokea, akaifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akaiwasha.

Walinikaribisha pichi. Hazikuwa zao, hizo zitangoja. Zilikuwa za sokoni, maji na nywele, lakini zilikuwa zimeoshwa. Tuliketi nje kwenye vigoda, sweta tumezifunga mpaka shingoni, tukala bila haraka. Nilipomaliza niliinyonya kokwa mpaka ikang'aa, kama nilivyozoea, nikanyoosha mkono kungoja kibakuli. Sikukiona. Nilitazama kulia na kushoto.

"Kibakuli kiko wapi?"

"Tupa huko," Nesi akasema.

Nilidhani anatania. Nilibaki nimeishika, mkono hewani. Mtu hawezi kuacha tabia ya miaka kwa neno moja. Mdogo wake alikuwa anajificha nyuma ya kikombe chake. Nesi akangoja, akaona siwezi, akaichukua kokwa kiganjani mwangu, akasimama, akazungusha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo na kuitupa juu ya ua, ng'ambo, kwenye majani marefu. Tulisikia ikianguka.

Kisha akaifuta mikono kwenye sketi yake, mbele nyuma, akaketi, akachukua pichi nyingine.